Doti Isiyokatwa

Pua ya Mzee Likunambe ilikuwa imekwisha.

Wiki iliyopita ilikuwepo bado, imechoka lakini ipo, kama kipande cha sabuni ambacho mtu anaona haya kukitupa. Jumatatu hii, Daktari Leokadia Haule alipopanda kilima cha Lumelelo na kusimama mbele ya mnara, alikuta uso laini kama kiazi kilichomenywa. Macho yalikuwa vishimo viwili. Mdomo ulikuwa mstari tu, na mgeni angeweza kudhani ni ufa. Leokadia aliumia moyoni kama mtu aliyemwacha mgonjwa akiendelea vizuri, akarudi na kumkuta amezidiwa.

"Mtani, habari ndiyo hiyo," alisema Bosko Ndunguru, fundi wa udongo, akiwa juu ya ngazi na kipimo chake mkononi. "Babu yenu anakonda. Ukoo wenu kula mnajua, kulisha wazee hamjui."

Ukoo wa Bosko na ukoo wa Leokadia walikuwa watani tangu enzi za mababu, na mtani ana ruhusa ya kusema hata msibani neno ambalo mwingine angepigwa kwalo. Siku nyingine Leokadia angemjibu. Leo aliuliza tu, "Amebaki na kiasi gani?"

"Kidogo." Bosko alishuka, na utani ukamtoka usoni. "Akisomwa tena hivi Jumatatu ijayo, udongo utamwacha."

Hapo zamani mnara ulikuwa wa jiwe, uliochongwa kuwakumbuka wapagazi kama Likunambe, waliokamatwa kwa nguvu kubeba mizigo katika vita vya Wazungu. Mvua za miaka hii mpya zikalila jiwe mpaka likabaki kisiki. Ndipo mji ukanunua udongo mtiifu, yaani udongo uliofundishwa kusoma. Kila Jumatatu adhuhuri kengele hulia, na udongo husoma kila kitu kilichohifadhiwa katika Hazina, yaani hifadhi ya kumbukumbu za mji, kuhusu mnara huo: picha, michoro, sauti, pamoja na picha zote ambazo watu wamepiga wiki hiyo kwa simu zao. Kisha hujifinyanga kwa umbo ambalo wengi wamekubaliana nalo. Wataalamu walisema mnara wa namna hiyo hauzeeki, utakuwa daima kama watu wanavyoukumbuka. Walichosahau kusema ni kwamba watu hukumbuka wanachokipenda, na kwamba udongo ni ghali, hivyo sehemu isiyotazamwa hunyonywa na kupelekwa kwenye sehemu inayotazamwa.

Na watu wa Lumelelo walimpenda Wa Pili.

Wa Pili alisimama kando ya Likunambe, na baina yao palikuwa na nguzo nene yenye mapambo ya korosho. Alikuwa na mzigo uleule kichwani na goti lilelile lililokunjwa kidogo. Chini ya kila mmoja yaliandikwa maneno yaleyale: Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Wageni waliyasoma mara mbili, kushoto halafu kulia, kama watu wanaoitikiana sala. Tofauti ilikuwa moja. Likunambe alikuwa na jina, Wa Pili hakuwa nalo. Basi tangu machimbo ya Nambunju yalipoporomoka, yakawafukia vijana wa mji huu kwa kina ambacho hakuna mashine iliyokifikia, kila mama aliyekosa kaburi alikuja akampa Wa Pili jina la mwanawe.

Mmoja wao alikuwa pale sasa hivi, amechuchumaa, anafuta vumbi kwenye unyayo wa udongo kwa ncha ya kanga yake. Alikuwa mama yake Leokadia.

"Desi leo ametulia," Mama Wilbroda alimwambia binti yake bila kugeuka. "Nimemwambia mtoto wa dada yako anapata kipaimara. Amefurahi."

"Sawa, Mama," alisema Leokadia.

Desderi, mdogo wake Leokadia, alikuwa kati ya waliofukiwa. Mwili haukupatikana, na kwa kuwa mwili haukupatikana Mama Wilbroda alikataa kuanua tanga. Mkeka wa msiba ulikuwa bado umetandikwa sebuleni kwake miaka yote hii, na wageni walikwishazoea kuuruka.

*

Cheo cha Leokadia kilikuwa Msomaji wa Mnara. Kazi yake ilikuwa kuusoma mnara kinyumenyume: kutoka udongo wa leo mpaka chombo cha kwanza kilichombeba Likunambe, iwe picha, kadi au redio, na kueleza kila chombo kilimbadilisha vipi. Alikuwa na mamlaka moja tu ya kuogopesha. Kidole gumba chake, kikibonyezwa mahali pake, kingeweza kufuta chombo kizima kutoka Hazina. Hakuwahi kukibonyeza.

Ofisini alitandaza ushahidi mezani. Picha ya kwanza kabisa, iliyopigwa na padri, ilionyesha jiwe likiwa jipya: mtu miguu mitupu, na shingoni pete ya chuma. Kwenye kadi ya posta pete haikuwepo, maana kadi zilitumwa ng'ambo wakati wa Noeli na pete ingewaharibia watu sikukuu. Kwenye stempu mzigo ulipungua ili kichwa kionekane. Mchoraji wa kitabu cha shule alimvalisha viatu, labda aliona aibu mbele ya watoto. Mchezo wa redio ulimpa sauti nzito, na udongo uliposikia sauti ile ukampanulia kifua. Leokadia aliyaacha yote. Kila chombo na tafsiri yake, aliwaambia wanafunzi, na ukimvua mtu viatu vya kitabuni kwa haki, kesho utamvua nini?

Lakini Wa Pili alitoka wapi? Chombo cha kwanza kumwonyesha kilikuwa picha moja iliyofifia, imekatwa pembeni, na chini imeandikwa "kitambaa cha kumbukumbu". Wanaume wawili, nguzo ya korosho katikati. Kitambaa chenyewe kilikuwa ghalani kimeviringishwa, na kanuni za hifadhi zilikataza kukifungua ili mwanga usikile. Kwa hiyo wasomi waliandika kuhusu picha. Mmoja alithibitisha kwamba nguzo ni mlango kati ya walio hai na wafu. Mwingine alithibitisha kwamba ni uchumi wa mazao ya biashara. Leokadia alikuwa amewapigia makofi wote wawili.

Jioni alipita kwa mama yake. Mama Wilbroda alikuwa na kanga mpya ya zawadi ya kipaimara, bado ina harufu ya dukani, ameitandaza mezani mzimamzima.

"Shika huku tuikate," alisema. "Mikono yangu siku hizi inaenda upogo."

Leokadia alishika ncha. Mama alivuta upande wake, kitambaa kikanyooka, na mbele ya macho yake yakakaa maua mawili makubwa yanayofanana, kushoto na kulia. Katikati pindo la kanga ya kwanza lilikutana na pindo la kanga ya pili. Yakafanya mstari mnene. Mstari ulikuwa wa korosho.

"Mama, ngoja."

"Ningoje nini?"

"Hapa katikati. Panaitwaje?"

"Panaitwa pa kukatia," alisema mama yake, akimtazama kama anayemtafutia homa usoni. "Doti ni kanga mbili, usipoikata utaivaaje? Kaza mkono."

Mkasi ulipita katikati ya korosho. Leokadia aliusikia mwilini.

*

Siku iliyofuata alimwomba Bosko afungue ghala. Walitandaza kitambaa sakafuni wakiwa wawili tu, taa imefunikwa, na hapakuwa na haja ya msomi kueleza kitu. Ilikuwa kanga iliyochapwa kwa sherehe ya mnara kutimiza miaka mingi. Mji wa kanga, yaani sehemu yake ya kati, ulikuwa na mpagazi mmoja, na jina la kanga, yale maneno ya usufi, lilikuwa chini yake. Kisha pindo, pindo, na mpagazi yuleyule tena. Mtu fulani aliinunua kwa kumbukumbu, na kwa kuwa hakuwa na nia ya kuivaa hakuikata. Mwingine akaipiga picha. Hazina ikahesabu watu, ikapata wawili.

"Waliotengeneza udongo huu hawavai kanga," alisema Bosko, na akacheka. Kisha akaona uso wa mwenzake, akaacha.

"Hakuna Wa Pili," alisema Leokadia. "Hajawahi kuwepo. Ni Likunambe kachapwa mara mbili, na nakala inamla mwenyewe."

"Basi bonyeza kidole."

"Unasema kirahisi."

"Nasema kama fundi. Kama mtani nasema hivi." Bosko alikaa sakafuni. "Viatu umemwachia. Pete ya shingoni umekubali ivuliwe, na ile ndiyo ilikuwa ukweli wenyewe. Leo kanga imemletea mwenzake baada ya upweke wote ule, ndipo unageuka polisi?"

"Viatu havijamuua. Huyu anamuua. Kati ya maelfu ya wapagazi ni huyu mmoja tu tunayemjua jina. Likipotea wote wamepotea."

"Ni kweli," alisema Bosko. "Na Desderi?"

Hakulisema kwa utani. Leokadia aliinama akaanza kuviringisha kitambaa, akakiviringisha upande mbaya. Alikuwa na hasira na Bosko kwa kuuliza, na hasira zaidi na nafsi yake, kwa sababu tangu usiku alikuwa akipanga jinsi ya kubonyeza kidole kimyakimya na kuuachia udongo lawama. Mama angefika Jumatatu na kukuta mahali patupu. Angesema udongo umeharibika. Asingejua kamwe. Jambo hilo lilionekana kuwa huruma mpaka ulipolitazama kwa karibu.

*

Leokadia alimwambia mama yake Jumamosi, akiwa amekaa kwenye ule mkeka wa msiba, maana hapakuwa na pengine pa kukaa kwa maneno kama hayo.

Mama Wilbroda alisikiliza mpaka mwisho. Alikuwa akichambua mchele, na mkono haukusimama.

"Kwa hiyo nimekuwa nikiongea na nani?"

"Na picha ya Likunambe, Mama."

"Na ulijua tangu ile siku ya kanga. Umekaa pale umenishikia ncha, nakata, na wewe unajua."

"Nilikuwa ndiyo kwanza nimeona."

"Uliona ukanyamaza." Sasa mkono ulisimama. "Mwanangu walinizikia mara ya kwanza kwa redio. Walisoma majina, wakaweka muziki. Leo wewe dada yake unataka kunizikia mara ya pili kwa kidole."

"Likunambe naye alikuwa mtoto wa mtu," alisema Leokadia.

"Mama yake alishakufa. Mimi ni mzima, nimekaa hapa."

Leokadia alimweleza jambo jingine. Jiwe lilipochongwa, alisema, hapakupangwa kuandikwa jina la mtu. Mpagazi alikuwa mpagazi tu. Mke wa Likunambe alikuja akakaa miguuni pa mchongaji. Wakamfukuza, akarudi. Mvua ikanyesha juu yake. Hakuwa na mwili wa kuzika, mumewe alianguka njiani na msafara ukapita. Alikaa pale mpaka mchongaji akachoka, akachonga jina ili yule mwanamke aende nyumbani kwake.

Mama Wilbroda aliurudia mchele wake, akachambua ambao alikuwa amekwisha kuuchambua.

"Nenda zako," alisema mwishowe. "Nenda, sitaki kukutazama leo."

*

Jumatatu asubuhi Leokadia alikuwa ghalani, kidole gumba amekikunjia kiganjani kama kitu cha kuazima, aliposikia hodi. Mama yake aliingia. Alikuwa amevaa nguo ya kanisani, na chini ya kwapa alikuwa na mkasi umefungwa kwenye leso.

"Shikamoo, Mama," alisema Bosko, akasimama.

"Marahaba. Iko wapi?"

Walimtandazia. Aliizunguka kanga ile kwa miguu mitupu, akaitazama muda mrefu, akagusa korosho za katikati kwa kidole.

"Leo mnaifanyaje?"

"Naifuta kwenye Hazina," alisema Leokadia. "Nikibonyeza hapa, udongo hautaisoma tena."

"Pamoja na jina lake? Maneno ya usufi yaende?"

"Yote yanaenda."

"Kanga haifutwi," alisema Mama Wilbroda. "Kanga inakatwa, inapindwa, inavaliwa. Kosa la hii ni kwamba haikukatwa." Akafungua leso. "Ikatwe. Mpige picha kila moja peke yake. Si itasoma mmoja?"

Bosko alimtazama Leokadia. Wote wawili walijua kanuni: anayeharibu kitu cha kale kwa mkasi hapotezi cheo tu, jina lake husomwa kwa wanafunzi kama onyo. Leokadia alikuwa amewasomea majina ya namna hiyo yeye mwenyewe. Akapiga magoti akashika ncha ya kanga, akakaza mkono.

Mama aliweka mkasi kwenye korosho ya kwanza. Mkasi haukwenda. Mabega yake yalianza kutikisika, na Leokadia, aliyengoja miaka kumwona mama yake akilia sawasawa, hakuwa tayari kumwona.

"Mtani," alisema Mama Wilbroda kwa sauti iliyokatika, bila kuinua kichwa. "Wewe ndiye mtani wa msiba huu, na hukusema neno lako. Sema."

Bosko alivua kofia.

"Desderi alikuwa hodari wa kuchelewa," alisema. "Shule alichelewa, kazini alichelewa, hata ubatizo nasikia padri alimngoja. Ameondoka tangu mwaka ule, ndiyo kwanza leo anatoka mlangoni."

Mama Wilbroda alicheka. Kilikuwa kicheko cha kweli, cha tumboni, na kililia ndani yake chenyewe. Mkasi ukaenda. Ukakata korosho hadi korosho mpaka ukatokea upande wa pili, na kanga mbili zikalala mbalimbali sakafuni. Leokadia alilia pia, kwa sauti, kama mtoto, na safari hii hakuona haya.

Bosko alipiga picha kila kanga peke yake, zikachukua nafasi ya picha ya zamani na zote zilizotokana nayo katika Hazina, na kengele ya adhuhuri ilipolia walikuwa kilimani. Nguzo ndiyo ilianza. Korosho zake zilijaa, zikayeyuka, zikashuka kama uji unaotulia sufuriani. Kisha Wa Pili akaanza kupungua. Hakuanguka, aliingia ndani ya ardhi polepole, goti likiwa bado limekunjwa, na udongo wake ukatambaa kwenda kwa mwenzake. Uso wa Likunambe ulijaa mashavu. Macho yalirudi, mdomo ukarudi, mwisho kabisa pua, pana na nzuri. Chini yake maneno ya usufi yaliandikwa mara moja tu.

Mama Wilbroda alikuwa amejitanda kanga moja mabegani. Ya pili aliikunja mkononi. "Nikirudi nyumbani," alisema, "nikunjie ule mkeka."

"Ndiyo, Mama."

Leokadia alihisi wepesi ambao hakuwa nao kwa miaka. Aliutazama mnara akajiambia kwamba alikuwa ametenda haki pande zote mbili. Wazo hilo alikaa nalo kidogo tu, kwani nyuma yao palisikika hatua.

Mwanamke mmoja alikuwa amefika juu ya kilima, anahema, ana kitambaa cha kufutia vumbi. Leokadia alimfahamu kwa sura. Mama Anzelmo, wa mtaa wa mashineni, vijana wake wawili walikuwa kati ya waliofukiwa Nambunju. Alitazama mahali palipokuwa na nguzo. Akaenda kando ya Likunambe, akazunguka nyuma yake, akarudi mbele.

"Wa kwangu wako wapi?" aliuliza.

Leokadia alikuwa ameomba ruhusa ya mtu mmoja. Katika siku zote zile, pamoja na usomi wake wote, alipofikiria wenye kufiwa alimfikiria mama yake, na wengine hawakumjia akilini hata kwa majina. Mzigo wao aliubeba, akauona mwepesi.

"Mama, naomba nieleze," alianza.

Lakini Mama Wilbroda alikuwa amemtangulia. Alimshika Mama Anzelmo mkono, akamfungulia ile kanga iliyokunjwa, akamtanda mabegani, akamwekea sawa kama anavyofanyiwa bibi harusi. Alimwambia jambo sikioni. Mama Anzelmo alipiga magoti, na kilio chake kikashuka kilimani.

Mwanamke wa pili alikuwa akipanda. Alisikia kilio, akaongeza mwendo. Mama Wilbroda alimtazama anavyokuja, kisha akaanza kuifungua ile aliyojitanda mwenyewe. Leokadia alitaka kumzuia, hakuweza. Alisimama akamwona anavyompa, na anavyobaki na nguo yake ya kanisani, mikono mitupu. Njia ya kilima ilikuwa imejaa akina mama wengine waliofiwa.